Uzi: Mtoto kazaliwa na pingili za mgongo zenye kasoro? Usiishie kuangalia mgongo

FizioWaWatoto (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Huu uzi niliuahidi kwenye ule mjadala wa vibiongo, nikawa naupiga danadana. Leo nimekaa nao.

Utambulisho kidogo ili msinibebeshe vyeo: nafanya fiziotherapia ya watoto, sifanyi upasuaji. Kwenye kliniki ya migongo madaktari hubishana juu ya picha, wakimaliza mimi ndiye ninayebaki na mzazi kumweleza kilichosemwa. Wenye fani zao wakiona nimevuka mpaka wanirudishe.

Mzazi akiambiwa mtoto ana pingili zenye kasoro, swali lake la kwanza karibu kila mara ni "je, mgongo utanyooka?" Ni swali halali, ila kwa uzito mimi naliweka nyuma ya mengine matatu: figo zikoje, moyo ukoje, na ugwe wa mgongo (ile kamba ya neva inayopita ndani ya pingili) ukoje.

Tuanze na namna mgongo unavyoumbwa. Kila mmoja wetu huanza na pingili takriban 33: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 zinazokuja kuungana kuwa sakramu (mfupa wa nyuma ya nyonga), na zilizobaki ni za kifandugu. Ramani yake huchorwa mapema mno, kati ya wiki ya 4 na ya 6 tangu mimba kutungwa, mtoto akiwa hajafika hata sentimita 2. Tishu za kulia na kushoto hujikata vipande vya jozi kuanzia kichwani kushuka chini, kisha kila pingili hujengwa kwa nusu ya chini ya kipande kimoja na nusu ya juu ya kipande kinachofuata. Kazi ni ya kupimana sana, na huharibika kwa njia kuu mbili.

Njia ya kwanza, pingili haikuumbika nzima. Upande mmoja upo na wa pili haupo: hiyo ndiyo nusu pingili. Au pande zote zipo lakini hazikukutana katikati, ikawa pingili kipepeo. Au upande mmoja umekuwa mfupi, ikawa kabari. Njia ya pili, pingili hazikuachana. Zinaweza kuwa zimeungana mzima mzima, au zimeungana upande mmoja tu, na hapo panabaki ufito wa mfupa usiokua. Watoto wengi wana mchanganyiko.

Kinachopinda mgongo hasa ni tofauti ya ukuaji kati ya kulia na kushoto. Pingili hukua kwenye sahani za ukuaji zilizo juu na chini yake. Penye nusu pingili iliyo huru, upande huo una sahani mbili ambazo upande wa pili hauna, kwa hiyo kadiri mtoto anavyorefuka upande ule unasukuma. Ndiyo maana pingili zilizoungana kikamilifu, ambazo kwenye picha hutisha, mara nyingi hazipindi sana: hazikui upande wowote. Na ndiyo maana mchanganyiko mbaya kuliko yote ni ufito upande mmoja, na nusu pingili upande wa pili usawa uleule. Mwaka 1982 McMaster na Ohtsuka walichapisha ufuatiliaji wa wagonjwa 251 wenye migongo ya aina hizi, na mpangilio wao wa nani anaharibika haraka bado ndio unaotumika kliniki. Huo mchanganyiko niliousema unaweza kuongeza mpindo kwa nyuzi 5 hadi 10 kila mwaka. Ukiusubiri uone utafika wapi, unasubiri hasara.

Mtoto hakui kwa kasi moja. Miaka 5 ya kwanza sehemu ya kifua na kiuno hurefuka kama sentimita 2 kwa mwaka, kisha inapoa hadi kama 1, kisha inapaa tena wakati wa balehe. Vipindi viwili hivyo vya kasi ndivyo vya kufuatilia kwa karibu. Mgongo uliotulia ukiwa na miaka 7 haujakupa ahadi yoyote kwa miaka 12.

Sasa figo na moyo vinaingiaje? Vinaumbwa wiki zilezile. Karibu mtoto 1 kati ya 5 mwenye pingili za namna hii ana kasoro ya figo au njia ya mkojo. Kwa moyo, tafiti hutoa kati ya 10 na 25 kwa mia. Kwa ugwe wa mgongo, 20 hadi 40 kwa mia: umegawanyika mara mbili, umenasa chini, una kivimbe cha mafuta. Kasoro za pingili, njia ya haja kubwa, moyo, koo la hewa na la chakula, figo na mikono zinapojikusanya kwa mtoto mmoja, madaktari huliita kundi hilo VACTERL.

Ultrasaundi ya figo haina sindano, haina mionzi na haihitaji mtoto alazwe usingizi. Sijawahi kuelewa kwa nini huachwa mwisho.

Maswali yaje.

---

MamaWawili

Asante sana kaka kwa uzi. Nimesoma mara mbili. Binti yangu wa pili ameshatimiza mwaka, alipigwa eksirei ya kifua kwa sababu ya nimonia ndipo wakaona nusu pingili. Tuliambiwa "tutaangalia", basi. Figo hakuna aliyezitaja. Anatembea vizuri, halii wala hashiki mgongo. Hili ni la kukimbilia? Na kuna mtu ametushauri mkanda wa mgongo, je, utasaidia?

---

FizioWaWatoto

Pole dada, na hongera kwa kuwa limeonekana mapema, hata kama ni kwa mlango wa nimonia.

Si la kukimbilia usiku huu. Kupinda kwa mgongo wa kuzaliwa kwa kawaida hakuumi utotoni, kwa hiyo kutolia kwake hakutuambii chochote, kizuri wala kibaya. Tena mtoto mwenye mgongo wa aina hii akianza kulalamika maumivu, hapo ndipo pa kutafuta sababu nyingine kwa haraka, hasa kwenye ugwe.

"Tutaangalia" ni jibu zuri likiwa na tarehe. Uliza: tutaangalia nini, kwa kipimo gani, lini? Kwa umri wake, picha kila miezi 4 hadi 6 ni jambo la kawaida. Wampime kwa pembe ya Cobb (idadi ya nyuzi za mpindo kwenye picha), na wapime mistari ileile kila mara. John Cobb, daktari wa Marekani, aliieleza njia hiyo 1948 na mpaka leo ndiyo lugha ya kliniki. Ila ujue kipimo chenyewe kina kuyumba: watu wawili wakipima picha moja wanaweza kutofautiana nyuzi 3 hadi 5, na kwenye pingili zilizoharibika umbo hata zaidi. Ukiambiwa "zimeongezeka nyuzi 3" usikose usingizi. Omba picha ya leo iwekwe kando ya picha ya mwanzo kabisa, usiridhike kulinganishiwa na ya juzi. Ongezeko dogo dogo hujificha kwenye picha zinazofuatana.

Mkanda: kwa skoliosisi (mgongo kupinda kwa pembeni) ya vijana ambayo chanzo chake hakijulikani, mkanda una kazi kweli. Kwa nusu pingili, hauzuii mfupa kukua kombo. Wakati mwingine hutumika kushikilia ule mpindo wa pili ambao mwili hujitengenezea juu au chini ili kichwa kibaki katikati. Ukipewa mkanda, uliza unashika mpindo upi.

Na omba ultrasaundi ya figo na kipimo cha moyo. Hata kesho.

---

MtuWaVitendo

Kwa heshima zote mleta uzi, mnatisha watu na mipicha. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa mwaka mmoja mifupa laini, apate mtu anayejua kukanda na kunyoosha, mgongo unakaa sawa. Nimeona kwa macho yangu.

---

FizioWaWatoto

Mkuu, umeona mtoto aliyenyooka, siwezi kukubishia macho yako. Watoto wachanga wengi hulalia upande mmoja hadi mgongo ukaonekana kama umepinda, na huo hunyooka wenyewe, akandwe au asikandwe. Nusu pingili haina wa kunyoosha. Ukivuta misuli, mfupa uliokosekana hautatokea.

Hapo ningekuwa mpole kama lingekuwa suala la kupoteza muda tu. Lakini kuna pingili za shingo zisizo na ushikamano mzuri, na kuna ugwe ulionasa ambao umeshavutika kupita kiasi. Mtoto wa namna hiyo ukimshika kichwa na miguu ukamvuta, unaweza kumwacha na miguu isiyofanya kazi. Kumpaka mafuta na kumpapasa mgongoni kwa upole, sawa kabisa, watoto wanapenda. Kuvuta, kukunja na kubonyeza hadi palie, hapana. Hata mimi mwenye cheti sifanyi.

---

NusuKaputi

Naunga mkono hapo kwa shingo. Mimi nipo chumba cha upasuaji upande wa usingizi. Mtu mwenye pingili za shingo zilizoungana hawezi kurudisha kichwa nyuma, na sisi tunategemea kichwa kirudi nyuma ili kupitisha mpira wa kupumulia. Tukijua mapema tunaandaa vifaa vingine na hakuna shida. Tukigundua mgonjwa akiwa ameshalala, hapo jasho linatutoka.

Na kina mama mliozaliwa na mgongo wazi, hata ule uliofichika, semeni kliniki mapema kabla ya siku ya kujifungua. Ganzi ya mgongoni tunaichoma chini ya pale ugwe unapoishia, na kwa kawaida unaishia kwenye pingili ya 1 au ya 2 ya kiuno. Kwa baadhi yenu ugwe umeshuka chini zaidi. Si kwamba hamtapata ganzi, ila tunataka kuona picha kwanza.

---

ShingoFupi

Nimejiona hapo. Mimi nina Klippel-Feil, pingili tatu za shingo zimeungana na bega la kushoto limekaa juu. Nilijulikana nikiwa sekondari, kabla ya hapo nilikuwa natukanwa tu shingo. Swali kwa mleta uzi: nacheza mpira wa miguu, kipa. Niache?

---

FizioWaWatoto

Mkuu karibu. Kwa wasiojua, Klippel na Feil ni Wafaransa walioieleza hali hii 1912. Alama zake tatu za vitabuni ni shingo fupi, nywele zinazoshuka chini kisogoni na shingo isiyogeuka vizuri, lakini chini ya nusu ya wenye hali hii wanazo zote tatu. Lile bega la juu nalo huenda pamoja nayo mara nyingi.

Kuhusu ukipa sitakujibu ndiyo au hapana bila kuona picha, ila nakupa namna ya kuuliza. Pingili zilizoungana hazisumbui zenyewe, kinachobeba adhabu ni viungo vilivyobaki huru juu na chini yake, kwa sababu mwendo wote wa shingo unahamia kwao. Zikiwa mbili tu zimeungana, chini kabisa, na juu kote pako imara, madaktari wengi huruhusu michezo mingi. Zikiwa nyingi, au muungano ukigusa pingili mbili za juu kabisa, au kuna kiungo kinachocheza kupita kiasi, michezo ya kugongana inakatazwa, na kipa hugongana sana. Omba eksirei ya shingo ukiwa umeinama na ukiwa umeinua kichwa. Ile ya kusimama wima haionyeshi kulegea.

Ukihisi mikono kufa ganzi, umeme kushuka mgongoni unapoinama, au miguu kuwa mizito, acha kucheza siku hiyohiyo.

Na masikio, ulishapima? Watu wengi wenye Klippel-Feil husikia hafifu. Mwanafunzi anaitwa mzembe kumbe hasikii.

---

ShingoFupi

Sikio la kulia silisikii vizuri tangu zamani. Sikuwahi kuliunganisha na shingo. Daah.

---

MzeeWaKiuno

Na sisi watu wazima? Nina miaka 46, kiuno kinauma, kwenye MRI wameandika pingili ya mwisho ya kiuno imeungana na sakramu upande mmoja. Ina maana nimezaliwa mlemavu bila kujua?

---

FizioWaWatoto

Umezaliwa na mgongo wa tofauti kidogo, mkuu, kama watu wengi mno. Pingili ya mpakani kuegemea upande wa sakramu, au ya sakramu kujitenga na kuwa kama ya kiuno, ni jambo la kawaida sana kwenye picha, na wengi hawaumwi chochote. Mtaliano Bertolotti ndiye aliyelihusisha na maumivu ya kiuno mwaka 1917, na ubishi wa ni lini hasa ndilo lenye kosa haujaisha. Watu wazima huumwa kiuno hata wenye pingili za kitabuni. Kwa hiyo wasikufanyie chochote kwa sababu ya picha peke yake. Kama maumivu yako upande uleule ulioungana, na sindano ya ganzi pale pingili ilipokutana na sakramu inayaondoa, hapo kuna hoja.

Ila jambo moja liandike mahali: siku ukihitaji upasuaji au sindano ya kiuno, mkumbushe daktari kwamba una pingili ya mpakani. Wengi huhesabu kutoka chini kwenda juu, na mgongo wako unahesabika vibaya kutoka chini. Kufungua usawa usio sahihi kumewahi kutokea duniani kwa sababu hiyohiyo.

---

Mtarajiwa

Samahani kaka, mimi nauliza upande wa kuzuia. Nina mpango wa kushika mimba. Asidi ya foliki inazuia hizi pingili? Na hizi kasoro zinarithiwa?

---

FizioWaWatoto

Dada, hapa kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya.

Kuna mfereji wa neva, ambao hujifunga takriban siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Usipofunga chini, ndiyo mgongo wazi. Kuna pingili zenyewe, ambazo ni kazi nyingine ya siku zinazokaribiana. Asidi ya foliki imethibitishwa kwa mfereji wa neva. Mwaka 1991 utafiti mkubwa wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, kwa wanawake waliokuwa wameshazaa mtoto mwenye kasoro hiyo, ulionyesha miligramu 4 kwa siku zinapunguza kujirudia kwa asilimia 72. Kwa mwanamke ambaye hajawahi, ni maikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Ona ile siku ya 28: wengi wanakuwa ndio kwanza wanashangaa siku zao hazijaja. Kuanza vidonge ukishajiona mjamzito mara nyingi ni kuchelewa kwa jambo hili mahususi, ingawa bado vina faida nyingine. Kwa nusu pingili na pingili zilizoungana sina ushahidi wa kukuuzia.

Mawili mengine. Kama unatumia dawa za kifafa, hasa valproati, usiache kwa uamuzi wako, muone daktari kabla ya kushika mimba abadilishe mapema. Na kama una kisukari, sukari ishuke kabla ya mimba. Kukosekana kwa sakramu na sehemu ya chini ya mgongo kunahusishwa kwa karibu na kisukari cha mama kilichokuwepo kabla ya mimba.

Kurithi: nusu pingili moja peke yake, kwa mtoto mmoja kwenye ukoo, kwa kawaida hutokea mara moja na kuishia hapo. Pingili nyingi zikiharibika, na mbavu kuungana, ushauri wa vinasaba ni lazima, maana zipo aina zinazorithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili ambao wenyewe wako wazima. Mwaka 2015 watafiti wa China walionyesha kwamba karibu mgonjwa 1 kati ya 10 wa skoliosisi ya kuzaliwa ana hitilafu kwenye jeni la TBX6. Na kwa panya, watafiti wa Australia walionyesha 2012 kwamba upungufu wa oksijeni kwa mama kwa muda mfupi, ukimkuta mtoto mwenye udhaifu kidogo kwenye jeni, huzalisha pingili mbovu kwa wingi kuliko kila kimoja peke yake. Pengine ndiyo sababu wazazi wengi hawapati jibu moja.

---

MamaWawili

Hapo nina dukuduku. Nilianguka ngazi nikiwa na mimba yake ya miezi mitano. Mama mkwe hajawahi kulisahau.

---

FizioWaWatoto

Miezi mitano ni zaidi ya wiki 20. Pingili za binti yako zilishapangika kabla ya wiki ya 8. Mwambie mama, kwa adabu zote, kwamba ngazi haihusiki.

---

KitiMwendo

Nimesoma kote, ngoja na sisi wa mgongo wazi tuseme, maana tunatajwa kwenye vidonge vya foliki halafu tunasahaulika tukishazaliwa.

Mimi nimezaliwa na aina ile nzito, ugwe wenyewe ulikuwa nje. Nilifungwa mgongo siku za mwanzo, nikawekwa shanti kichwani (mrija wa kupunguza maji ya kwenye ubongo), sasa ni mtu mzima nina kazi na familia. Watu wakiniona wanaona miguu. Miguu kwangu ni jambo dogo, kiti kimelimaliza. Yaliyonisumbua ni mawili yasiyoonekana.

La kwanza mkojo. Neva za kibofu zinatoka chini kabisa ya mgongo, kwa hiyo karibu sote wa aina hii kibofu hakitii amri, hata wale wanaotembea. Mkojo ukibaki humo unarudi kwenye figo, na figo ndizo zilizokuwa zikiwaua wenzetu wa zamani. Mwaka 1972 daktari wa Marekani, Lapides, alileta wazo lililoonekana la ajabu: mtu ajipitishie mpira wa mkojo mwenyewe kila baada ya saa 3 au 4, mpira uwe msafi tu, si lazima uwe umetakaswa kama wa upasuaji. Hilo jambo dogo limetuongezea umri kuliko upasuaji wowote. Wazazi, mkifundishwa kumpitishia mtoto mpira, fundishikeni, na yeye mwenyewe aanze kujifunza mapema kadiri mikono inavyomruhusu. Mtoto anayeaibika kwa sababu ya harufu shuleni anajifungia kuliko anayetembelea kiti.

La pili ngozi. Sehemu isiyohisi haikwambii imeungua wala imekaliwa muda mrefu. Kioo cha mkononi, kila jioni, unajikagua makalio na visigino. Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko. Kidonda cha mgandamizo kinaweza kukulaza miezi.

Jingine ambalo hospitali nyingine hulisahau: wengi wetu tuna mzio wa mpira asilia kwa sababu ya kushikwa na glavu na mipira tangu siku ya kwanza. Semeni kabla ya kuguswa.

Na wenye shanti, kichwa kuuma na kutapika na kusinzia ovyo si malaria mpaka ithibitishwe kwamba shanti haijaziba.

---

Mtarajiwa

@KitiMwendo asante kaka, umenifungua macho. Nilisikia siku hizi wanafunga mgongo mtoto akiwa bado tumboni, ni kweli?

---

NusuKaputi

Ni kweli, kwenye vituo vichache sana duniani. Utafiti mkuu wa Marekani ulitoka 2011, upasuaji ukifanywa kabla ya wiki ya 26. Waliohitaji shanti ndani ya mwaka wa kwanza walikuwa asilimia 40, wakati waliofungwa baada ya kuzaliwa ni 82, na wale waliofungwa tumboni walitembea vizuri zaidi pia. Lakini watoto wengi walizaliwa kabla ya wakati, na kovu la mfuko wa uzazi hubaki hatari kwa mimba zijazo za mama. Watu husimulia nusu ya kwanza tu.

---

MtuWaVitendo

Haya, na yule mwenye kishimo au kinyweleo mgongoni tu? Nina mpwa wangu.

---

FizioWaWatoto

Swali zuri, na nafurahi bado upo nasi.

Kishimo kidogo kilicho katikati, karibu na njia ya haja kubwa, ndani ya sentimita 2.5, chenye upana chini ya milimita 5 na ngozi safi, kwa kawaida hakina tatizo. Kishimo cha juu zaidi ya hapo, shungi la nywele, uvimbe laini wa mafuta, alama nyekundu katikati ya mgongo au kimkia: hivyo vipigwe picha, kwa sababu huenda chini yake ugwe umenasa. Mtoto akiwa mchanga ultrasaundi inatosha, hadi kama miezi 3, baadaye mfupa unaziba dirisha na itabidi MRI.

Ugwe ulionasa hujificha hadi mtoto arefuke. Mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anaanza upya. Mguu mmoja unakuwa mdogo, unyayo unapinda juu, viatu vinaisha upande. Mgongo unaanza kupinda bila sababu. Kinachopotea kwenye kibofu mara nyingi hakirudi chote hata ukifunguliwa, kwa hiyo usisubiri aanze kuchechemea.

Na kwa faida ya wote: ripoti ikisema "mgongo wazi uliofichika" na hakuna alama yoyote kwenye ngozi, hakuna shida ya miguu wala mkojo, ni tundu dogo la mfupa ambalo watu kati ya 10 na 20 kwa mia wanalo. Usiache kazi kwa ajili yake.

---

MzeeWaKiuno

Upasuaji wa nusu pingili wenyewe ukoje? Wanachuma mfupa?

---

FizioWaWatoto

Wanautoa, ndiyo. Mwaustralia Royle aliandika kuhusu kuutoa tangu 1928, ila usalama wa leo umekuja na skrubu za watoto na mashine za kufuatilia neva mtoto akiwa amelala. Kwa nusu pingili moja inayosukuma, wengi hupendelea umri mdogo, kati ya miaka 2 na 6, kabla mpindo haujakomaa, ili waunganishe pingili chache tu.

Tatizo gumu ni mtoto mdogo mwenye eneo refu lililoharibika. Zamani waliunganisha mgongo wote ili usipinde, ukanyooka kweli, ukabaki mfupi, na kifua kikabaki kidogo pamoja nao. Mapafu hayana pa kukulia. Sehemu ya kifua ya mgongo ikiishia chini ya sentimita 18, mtu mzima huyo huenda akaishi akihema. Ndiyo sababu wakaja na vyuma vinavyorefushwa kadiri mtoto anavyokua, na kile chuma cha mbavu cha daktari wa Marekani Robert Campbell kilichoidhinishwa Marekani 2004. Mtoto hurudi kurefushiwa mara kwa mara, na maambukizi na vyuma kukatika ni sehemu ya safari. Mimi nikimuona daktari anazungumzia mapafu kabla ya nyuzi, namwamini zaidi.

Kibiongo cha kuzaliwa, ambapo mbele ya pingili ndipo hapakuumbika, kina haraka yake. Hicho ndicho kinachoweza kubana ugwe na kuleta kupooza, na mkanda hauna msaada wowote. Ukiambiwa mtoto ana hicho, tafuta daktari wa upasuaji wa migongo mapema kadiri uwezavyo.

---

MamaWawili

Wakuu nimerudi. Moyo mzuri. Ultrasaundi ya figo imeonyesha figo moja tu, ya kulia, na wamesema ni kubwa kidogo kuliko kawaida. Nimekaa nje ya chumba cha picha naandika hapa, naomba mnielekeze.

---

FizioWaWatoto

Dada, vuta pumzi. Figo moja nzima kwa kawaida inatosha maisha yote. Kukua kuliko kawaida ndivyo inavyotakiwa, imechukua kazi ya mbili. Kabla hujaondoka waombe majibu kwa maandishi.

Sasa ana kitu cha kulinda. Homa isiyo na chanzo, apimwe mkojo siku hiyohiyo, usianzishe antibiotiki kwa kubahatisha. Uliza kama anahitaji kuangaliwa mkojo usirudi kwenye figo. Presha na protini kwenye mkojo mara moja kwa mwaka hata akiwa mzima wa afya. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki asipewe bila daktari kujua ana figo moja, na kila daktari wa upasuaji ajue.

Kwa kuwa ni binti, weka na hili kwenye faili: mfuko wa uzazi huumbwa jirani na figo, na wasichana wenye figo moja wakati mwingine huwa na mfuko wa umbo tofauti. Hakuna cha kufanya sasa. Aangaliwe anapokaribia kuvunja ungo, asije akaumwa tumbo kila mwezi watu wakamwambia ni kawaida.

MRI ya mgongo mzima bado inabaki. Kama daktari atapendelea kusubiri umri ambao usingizi ni salama zaidi kwake, sawa, ila akianza kudhoofika mguu au mkojo kubadilika isisubiri. Eksirei inayofuata weka baada ya miezi 6, apigwe kutoka nyuma kwenda mbele ili matiti yake na shingo vipate mionzi kidogo, na ile ya nimonia uende nayo mkononi.

---

MamaWawili

Nimeyaandika yote. Daktari ametoka, naingia kuomba hiyo karatasi.